Mishumaa Mitano kwenye Sinia

Kila asubuhi nyumba ya Mama Pacha ilinuka nta. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa karakana. Yeye aliyeyusha nta kwenye sufuria kubwa. Mumewe, Baba Pacha, alinyoosha tambi katikati ya kalibu za bati. Kisha walimimina pamoja, taratibu, bila kuongea. Nta ya moto haitaki porojo. Ilipoganda, walitoa mishumaa na kuipanga kwenye masanduku. Kila sanduku liliandikwa: "Huwaka kwa saa sita."

Maandishi hayo ndiyo yaliyoleta balaa.

Siku moja alikuja mwenye duka la jumla. Yeye ndiye aliyenunua karibu mishumaa yao yote. Alikuwa amenuna.

"Mama Pacha, nimewasha mshumaa wenu. Umekata roho baada ya saa tatu. Wateja wananisema mimi, hawawasemi nyinyi."

"Lakini mimi napima kila mara," alisema Baba Pacha. "Jana nimewasha mmoja, ukafika saa saba."

"Basi huo wa saba ungeniuzia mimi."

Alisema atarudi mwezi ujao na kupima mwenyewe. Akikuta mambo ni yale yale, atanunua kwingine.

Mama Pacha aliingiwa na hofu. Kabla ya mishumaa, mumewe alifanya kazi ya kuvunja mawe, mbali sana. Alikuwa akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Siku moja pacha wao walimfungulia mlango, wakaita, "Mama, kuna mgeni." Mama Pacha hakutaka kuyasikia tena maneno hayo.

Baba Pacha akajifunga kibwebwe. Kila walipotengeneza mishumaa, aliwasha mmoja. Ukiisha upesi, alibadilisha utambi, akaweka mwembamba. Ukichelewa kuisha, alirudisha mnene. Jumatatu mwembamba, Jumanne mnene, Jumatano katikati. Mshumaa mmoja ulifika saa nane. Uliofuata haukufika hata saa nne. Mama Pacha hakuelewa kinachoendelea. Nta ilikuwa ile ile, sufuria ile ile, mikono ile ile.

"Labda nta imetuchoka," alisema.

Siku ya mapumziko alikuja wifi yake, dada wa Baba Pacha. Wifi alifanya kazi kwenye kiwanda cha betri, kitengo cha kupima ubora. Aliwakuta wote wawili wamekaa, wanautazama mshumaa mmoja kimya.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza.

"Usitutanie, wifi. Tumechanganyikiwa," alisema Mama Pacha. Akamweleza yote.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Huu unaoupima unautoa wapi?"

"Kalibu ya dirishani. Mishumaa ya pale inatoka mizuri, imenyooka."

"Kwa hiyo unamuuliza mtoto mmoja tu, tena yule unayempenda, halafu unadhani umesikia nyumba nzima."

Mama Pacha alicheka. Baba Pacha hakucheka.

"Sasa tufanyeje?" alisema. "Tuwashe yote? Tutauza nini, masizi?"

"Hata sisi kazini hatupimi betri zote. Betri ukiipima mpaka iishe, haiuziki tena. Tunachukua chache. Lakini si moja, na hatuchagui. Wifi, lete beseni."

Walimwaga mishumaa yote ya siku ile kwenye beseni kubwa. Wifi aliichanganya kama anayeosha mchele.

"Fumba macho, wifi, uchukue mitano."

Mama Pacha alifumba macho, akachukua. Aliona anafanya mchezo wa kitoto. Waliisimamisha kwenye sinia, mbali na upepo, wakaiwasha kwa pamoja. Kila mmoja ulipozimika, aliandika saa zake kwa chaki mlangoni. Ilikuwa nne, tano, tano, sita, tano.

"Jumlisha," alisema wifi.

"Ishirini na tano."

"Gawanya kwa mishumaa mitano."

"Tano."

"Huo ndio wastani."

Kesho yake walichukua mitano mingine kutoka beseni lile lile. Mmoja ulizimika baada ya saa tatu. Mwingine ulifika saba. Mama Pacha akashika kichwa. Lakini alipojumlisha yote na kugawanya, alipata tano na ushei. Siku ya tatu alipata tano kasoro kidogo.

Jioni hiyo wifi alipita akitoka kazini, akautazama mlango.

"Mnaona? Mshumaa mmoja mmoja unarukaruka, mara tatu, mara saba. Lakini wastani wa mitano haujaenda mbali. Unazungukazunguka tano."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Pacha. "Mishumaa si ni ile ile inayorukaruka?"

"Kuokota mshumaa mmoja wa saa tatu ni rahisi, ni bahati mbaya tu. Ili wastani wa mitano uwe tatu, lazima uokote mibovu mitano kwa mkupuo. Hilo ni nadra sana. Mara nyingi ukiokota mfupi, na mrefu umo. Mrefu unaufidia mfupi. Ukichukua kumi, wastani utatulia zaidi."

"Huo mshumaa wa wastani mimi sijauona," alinung'unika Baba Pacha. "Mteja anawasha mshumaa, hawashi wastani."

"Kweli, kaka. Ndiyo maana ukoroge nta vizuri, ili mishumaa ifanane. Hiyo ni kazi nyingine. Wastani unakwambia kitu kimoja: kwa ujumla mishumaa yako inawaka kama saa tano. Hausemi tano kamili. Unasema karibu na hapo. Na sanduku linasema sita."

Baba Pacha alitazama chini. Iliuma kusikia kwamba sanduku lake linadanganya.

"Na tambi zote zile nilizobadilisha?"

"Ulikuwa unaifukuza bahati. Mshumaa mmoja ukiisha upesi, si lazima utambi uwe na kosa. Badilisha kitu kimoja, ukiache, kisha upime mitano mara kadhaa."

Mama Pacha hakulala vizuri. Mambo ya kugawanya yalimzunguka kichwani. Lakini jambo moja alilishika: asiamini mshumaa mmoja.

Wakaweka utambi mwembamba kwenye kalibu zote. Wakakoroga nta zaidi. Mshumaa wa kwanza ulizimika mapema, na Baba Pacha akainuka kwenda kutafuta utambi mwingine.

"Kaa chini, Baba Pacha," alisema mkewe.

Akakaa. Wastani ulitoka sita. Mara ya pili ulikuwa sita kasoro kidogo, na ya tatu sita na ushei.

Mwezi ukafika, na mwenye duka akaja. Mama Pacha alimwaga mishumaa kwenye beseni mbele yake.

"Changanya mwenyewe, mzee. Chukua mitano bila kutazama."

"Nina mambo mengi. Mmoja unatosha."

"Mmoja ndio uliotugombanisha."

Mwenye duka aliguna, akachukua mitano. Wakaiwasha asubuhi hiyo. Baada ya saa nne tu, mmoja ukazimika. Mwenye duka akakohoa.

"Mnaona wenyewe."

Mkono wa Baba Pacha uliingia mfukoni, mlimokuwa na kibunda cha utambi. Akilini Mama Pacha alimwona mumewe akifunga mizigo, akirudi kwenye mawe. Hata hivyo alimshika mkono.

"Tunaona mmoja," alisema. "Tusubiri wenzake."

Wakasubiri. Miwili iliisha baada ya saa sita, mmoja baada ya saba, na wa mwisho ukang'ang'ania mpaka saa nane. Mwenye duka alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena.

"Thelathini na moja," alisema. "Kwa mitano... sita na ushei." Akautazama mshumaa ule uliozimika wa kwanza. "Huu nao?"

"Ni mmoja," alisema Mama Pacha.

Mwenye duka akaagiza masanduku kama kawaida, na mawili ya ziada.

Alipoondoka, Baba Pacha alitoa kibunda cha utambi mfukoni, akampa mkewe.

"Kiweke wewe. Mimi mikono inaniwasha."

Akakiweka juu kabisa ya kabati. Bado hakuwa na uhakika kama ameelewa kila kitu alichosema wifi. Lakini kesho yake asubuhi nyumba ilinuka nta, na Baba Pacha alikuwepo.