Odile Abisha Mlango wa Jikoni

"Mara ya tatu, Odile? Watu wamekwambia hapana mara mbili. Unataka wakuandikie ukutani?"

Rosaire alisema hayo akiwa amempa mkewe mgongo. Alikuwa anamenya viazi, na maganda yalikuwa yanarukia sakafuni.

"Mara ya pili walikaribia kusema ndiyo," Odile alijibu. "Kura nilizozidiwa zingeenea ndani ya basi langu."

"Basi zima la watu wasiokutaka. Hilo ndilo unalojivunia?"

"Ndiyo, najivunia. Mara ya kwanza wangejaza mabasi kumi."

Odile Pelletier alikuwa dereva wa basi la shule katika mji mdogo wa Grande-Côte, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani. Mumewe alilima viazi. Wodi ya uzazi ya hospitali yao ilikuwa imefungwa. Sasa mama mwenye uchungu husafiri zaidi ya saa moja, hata kwenye theluji. Fedha za hospitali kama ile hujadiliwa katika Bunge la jimbo, kule Augusta, mji mkuu wa jimbo. Kiti cha eneo lao kilikuwa cha Bwana Whitcomb kwa miaka mingi. Odile alikitaka, na hakuficha.

Mlango wa jikoni ulifunguka bila hodi. Aliingia Bi Lorette Daigle, jirani yao, mjane. Alivua buti zake zenye matope na kuziweka juu ya gazeti. Bi Lorette alikuwa karani wa mji kwa muda mrefu, na chaguzi zote za pale alizisimamia yeye.

"Nimewasikia tangu barabarani," alisema, akivuta kiti. "Endeleeni. Mimi nataka ploye tu."

Odile alimwekea moja kwenye sahani na kumimina rojo ya nyingine kwenye kikaango. Ploye ni chapati ya maji ya kwao; huchomwa upande mmoja, haigeuzwi.

"Bi Lorette, mwambie huyu," Odile alisema. "Mwambie watu wananitaka."

"Wengine hawakutaki. Mimi sikukupigia kura."

Odile alisimama na mwiko mkononi. Rosaire aliacha kumenya.

"Kura ni siri yangu, kwa hiyo naweza kuitoa nikipenda," Bi Lorette aliendelea. "Nilimpa Whitcomb. Mara zote mbili."

"Wewe? Uliyenikata nywele nikiwa mtoto?"

"Mimi huyohuyo. Hukuniomba."

"Nilikuja kwako. Nilibisha mlango."

"Mlango gani?"

Odile aliweka mwiko mezani.

"Wa mbele," Bi Lorette alijijibu. "Mlango ule ulikuwa umefunguliwa mara ya mwisho tulipomtoa marehemu mume wangu, Armand. Ilibidi nisogeze cherehani na sanduku la mablanketi. Nafungua huku jasho linanitoka, nakuta umevaa viatu vya harusi. Ukanisomea mambo sita kwenye karatasi, ukaniaga, ukaenda zako."

Rosaire alicheka puani. Odile alimkata jicho.

"Kijana wa chama aliyetoka Augusta ndiye aliyenielekeza," alisema. "Mlango wa mbele, tabasamu, karatasi, nyumba nyingine."

"Kijana huyo anakaa ghorofani. Hapa mlango wa mbele ni wa polisi, wa wauza bima na wa jeneza. Mtu akisikia unabishwa, anazima televisheni na kujificha. Yeye hajui. Lakini wewe umezaliwa hapa, binti. Nani alikufundisha kuingia kwa watu wako kama mgeni?"

Odile alikumbuka nyumba nyingi zilizokuwa na taa lakini hazikufunguliwa.

"Whitcomb anaingia jikoni," Bi Lorette alisema. "Anavua buti. Anauliza habari za goti langu. Hafanyi lolote kuhusu goti, lakini anauliza. Kabla ya kuondoka ananitazama usoni: 'Lorette, nakuomba kura yako.' Halafu anafunga mdomo mpaka nijibu."

"Nilidhani jirani haombwi. Nilidhani unajua."

"Ulidhani. Kura yangu si ya jirani, si ya ndugu, wala si ya chama. Ni mali yangu. Anayeitaka aniombe."

Jiko lilianza kutoa moshi. Ploye ilikuwa imeungua. Odile aliitupa, akaanza nyingine.

Rosaire alipangusa mikono. "Basi tupite nyumba kwa nyumba, na kila nyumba tuiachie gunia la viazi."

"Ukitoa hata kiazi kimoja ili upewe kura, hiyo ni hongo," Bi Lorette alisema. "Sheria haitajali kama kimeoza. Nenda mikono mitupu, masikio wazi. Uliza, kisha nyamaza. Na ukikuta mtu asiyeweza kufika kituoni, mwambie anaweza kuomba karatasi ya kura mapema, apige kura akiwa nyumbani. Mwambie hata kama hakupendi."

Odile alizima jiko. Alikaa mbele ya Bi Lorette na kumtazama usoni.

"Bi Lorette, nakuomba kura yako."

Alinyamaza. Ilimuuma, maana alikuwa na maneno mengi.

"Utaipata," mama yule alisema baada ya kumaliza kutafuna. "Ulichelewa tu."

Odile alimgeukia mumewe. "Rosaire, na yako naiomba."

"Mimi si nimekupa siku zote?"

"Lakini sikuwahi kukuomba."

Rosaire alitazama kisu, akakiweka chini. "Hukuwahi," alisema polepole. "Utaipata. Na mimi ndiye dereva wako. Vaa buti."

"Sasa hivi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakataa, sasa wewe ndiye unayesita?"

Walimwacha Bi Lorette na ploye zake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Théo Michaud. Bango la Whitcomb la uchaguzi uliopita lilikuwa bado limesimama uani kwake. Rosaire alibaki garini. Odile alizunguka nyuma kupitia matope, akagonga mlango wa jikoni mara moja, akaingia. Alivua buti.

"Kaa," Théo alisema, bila kushangaa. Alimmiminia kahawa.

"Habari za mjukuu?" Odile aliuliza.

Théo alianza kusimulia. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, ndani ya gari, theluji ikianguka. Yeye ndiye aliyeshika tochi. Odile alikuwa na hotuba nzima kuhusu wodi ya uzazi. Aliimeza. Alisikiliza mpaka mzee akafika mwisho.

"Wodi ile nataka ifunguliwe," alisema. "Ndiyo maana nagombea tena. Théo, nakuomba kura yako."

Alifunga mdomo. Théo alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

"Bango silitoi," alisema hatimaye. "Whitcomb ni binamu yangu. Krismasi tunakula meza moja."

Odile aliendelea kungoja.

"Lakini kule kituoni kuna pazia," Théo alisema. "Nyuma yake naingia peke yangu. Na wewe ni wa kwanza kuniuliza habari za usiku ule. Utaipata."

Odile alimpa mkono, akavaa buti zake.

"Kasemaje?" Rosaire aliuliza alipopanda gari.

"Kura ni siri yake," Odile alijibu, kichwa juu. "Twende nyumba inayofuata. Egesha kwa nyuma."