Tela Lililovuka Ziwa

Haya yalimpata mama mdogo wangu Ottilia, mkulima wa kahawa kule Kitura. Nayasimulia kama alivyonieleza yeye, na kama dereva wake Florian alivyoniapia. Niliwauliza kila mmoja peke yake. Maneno yao hayakupishana.

Mumewe alipofariki alimwachia trekta bila tela. Kila msimu mama mdogo alisubiri majirani wamalize kazi zao ndipo wamwazime, huku magunia yake yakinyeshewa shambani. Ndipo akasikia kuna tela linauzwa Kyela, zima kabisa, la bwana mmoja aitwaye Lusekelo. Akamtuma fundi anayemwamini akalikague, akalinunua. Ikabaki kazi moja tu, kulifikisha nyumbani.

Kwa siku kadhaa hakutulia. Alipiga simu amesimama mlangoni, anakaa, anasimama tena, anatoka nje. Wenye malori walitaka nauli inayokaribia bei ya tela lenyewe. Kulivuta kwa trekta kuzungukia Njombe na Songea, kwa milima ile, aliona ni kujitafutia ajali. Ikabaki meli ya mizigo, inayovuka ziwa mpaka Mbamba Bay. Nauli nafuu, tela linafungwa minyororo, halikutani na kona wala mashimo. Akaona hiyo ndiyo njia salama.

Alipomweleza Lusekelo, yule bwana hakuafiki.

"Mama, mimi ningekushauri lije kwa barabara."

"Kwa nini, baba?"

"Basi tu. Lile halipatani na maji."

Mama mdogo alicheka. Tela si paka, alimwambia.

Siku meli ilipofika Mbamba Bay palikuwa na jua zuri. Wanawake walikuwa wameanika usipa, na harufu ya samaki wale wadogo ilijaa ufukwe mzima. Florian akafunga tela nyuma ya trekta, akalivuta kutoka melini. Trekta likaguna. Mpagazi mmoja akauliza, "Mmebeba nini humo?"

Hawakuwa wamebeba kitu. Tela lilikuwa tupu, mbao zake zimekauka. Lakini springi zilikuwa zimelala kabisa, kama limejazwa mawe.

Florian alikagua matairi, akakagua ekseli, hakuona kasoro. Wakaondoka, mama mdogo amekaa kwenye bawa la trekta, juu ya tairi la nyuma, rozari mkononi. Alikuwa anageuka nyuma kila mara, wala hajui anatafuta nini.

Mlima wa kwenda Mbinga ulipoanza, walisimama kununua ndizi kwa mama mmoja kando ya barabara. Yule mama aliwapa ndizi, kisha akachungulia nyuma yao.

"Hao abiria wenu wanaumwa? Nimewasalimia, hawaitiki."

Wakageuka. Tela tupu.

Yule mama akatazama tena, vizuri zaidi. Akazoa ndizi zake zote, akaingia ndani, akafunga mlango. Hela yake hakuichukua.

Mama mdogo akampigia Lusekelo papo hapo. Safari hii yule bwana hakuficha.

"Lilizama mtoni, mama, mwaka wa mafuriko. Lilikuwa limebeba watu wanaotoka msibani. Wengine hatukuwapata mpaka leo. Tangu hapo sijalivusha maji yoyote. Nisamehe, mama. Nilidhani ni mambo ya mtoni kwetu tu."

Simu ikakatika.

Ukungu ulishuka ghafla, kama kawaida ya milima ile. Kwenye kona kali, trekta lilishindwa. Florian akakanyaga breki. Likarudi nyuma. Akakanyaga tena. Likarudi. Matairi ya mbele yakaanza kuinuka.

"Nichomoe pini, tuliachie tela?" Florian alinong'ona. "Mama, nichomoe?"

Chini ya kona, ndani ya ukungu, watoto wa shule walikuwa wanaimba.

"Usichomoe. Litawaua wale watoto."

Mama mdogo akashuka, akimwacha Florian ameikandamiza breki kwa miguu yote miwili. Akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye ubao wa tela. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa unapanda na kushuka taratibu. Unapumua.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ndogo. "Poleni. Siwajui, lakini poleni. Huku si kwenu. Shukeni. Nitawaombea misa."

Akasubiri.

Kisha springi ikalia. Tela likainuka kidogo. Baridi ikampita begani, ikateremka kuelekea ziwani. Springi ikalia tena. Tena. Walikuwa wanampita, alisema, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani. Mmoja alisimama sikioni kwake.

"Ndaga."

Baadaye aliambiwa kwamba Wanyakyusa husema hivyo wakishukuru.

Trekta likapanda mlima bila shida. Walifika Kitura jua bado lipo. Florian alipofungua pini aliona kitu ambacho hakumwambia mama mdogo. Kona moja ya tela, ya nyuma kulia, ilikuwa bado imelala. Kidogo tu. Kama uzito wa mtoto.

Misa ilisomwa. Tela linabeba kahawa mpaka leo, na mama mdogo hasubiri tena majirani. Florian aliacha kazi msimu uleule, akahamia Lituhi, na hapendi kuulizwa.

Lakini jikoni kwa mama mdogo, ukutani karibu na mlango, kuna alama ya kiganja kidogo cha matope meusi. Udongo wa Kitura ni mwekundu. Mara ya kwanza ilionekana usawa wa goti. Wakaipaka chokaa. Ikarudi, juu kidogo. Wakapaka tena.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikajipima nayo. Imefika kifuani kwangu, na kiganja chenyewe kimekua.