Siku Taa ya Buluu Ilipotulia

Walikutana kwenye ngazi za umeme za jengo la maduka, mchana, watu wakipigana vikumbo. Binti alikuwa mtafiti wa taa, gauni la kijani na raba nyeupe, kisanduku amekikumbatia kama kichanga. Kijana mwenye suti ya kijivu iliyomkaa sawasawa, tepu ya kupimia shingoni, akamgonga kiwiko.

"Samahani, dada. Umebeba mayai?"

"Vioo. Vina taa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu."

"Nieleze taratibu. Mimi fundi suti tu."

Alimweleza wakinywa chai. Kioo kinapakwa tabaka za kemikali za kaboni. Chaji hasi zinaingia upande huu, chaji chanya upande ule, zikikutana katikati mwanga unatoka. Taa yake ya buluu ndiyo iliyomsumbua: chaji chanya zilitangulia mno, zikarundikana mpakani zikingoja zile hasi, na taa ikachakaa mapema.

"Kumbe kazi yako ni kuzichelewesha zenye haraka," Fundi akasema. "Mimi usinicheleweshe. Nipe namba ya simu."

Alicheka, akampa.

Mapenzi yakanoga. Fundi alimwita Profesa, ingawa hakuwa.

"Umekula, mpenzi?" Fundi humuuliza simuni.

"Nitakula."

"Hilo jibu la jana."

Mara nyingi simu iliita ndani ya kabati, kwa kuwa chumba cha kutengenezea vioo hakiruhusu simu. Fundi alisema amezoea, naye akamwamini.

Ikafika Jumamosi ya binti kutambulishwa kwa baba yake Fundi, mzee mgonjwa wa moyo.

"Kavaa tai tangu alfajiri," Fundi alisema simuni. "Usiniangushe."

"Mchana niko mlangoni kwenu, mpenzi."

Akapitia maabara mara moja tu. Akakuta taa mpya, aliyoiongezea tabaka la kupunguza mwendo wa chaji chanya, imewaka usiku kucha bila kufifia hata kidogo. Akavua viatu, akafungia simu kabatini, akaingia. Alipima, akarudia kupima, machozi ya furaha yakimlenga. Alipofungua kabati jua lilikuwa limeshashuka, na simu imejaa jina la Fundi.

Akapiga. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Kanuna," alijiambia. "Hata kuuliza kulikoni hataki." Naye akanuna, akaacha kupiga.

Jumatatu dada yake Fundi ndiye aliyempigia. Mzee alikimbizwa hospitali jioni ile ile ya Jumamosi. Hakurudi.

Baada ya matanga binti alimfuata Fundi kwenye karakana yake ya ushonaji. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja, macho yamemwingia ndani.

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, Profesa. Taa je?"

"Imetulia."

"Nimefurahi." Na kweli alifurahi, jambo lililomuumiza binti kuliko matusi. Fundi akaweka pasi kando. "Baba alikataa kula kabla hujafika. Kila gari likipita, anauliza, 'Ndiye huyo?' Nikamwambia uko njiani."

"Ungemwambia ukweli."

"Huo ndio ukweli niliokuwa nao."

Binti akainama, akaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Siwezi tena kungoja simu iite, mama," Fundi akasema kwa upole. "Nimejaribu."

Akamsindikiza hadi mlangoni. Kwa mazoea akamnyooshea kola, kisha akashtuka, akautia mkono mfukoni.