Futari ya Gdańsk

“Gdańsk nyie mnaisikia tu. Mimi nimeila, nimeilala na nimeiamkia!”

Ghania aliyasema hayo Jumamosi asubuhi, kidevu juu, katikati ya darasa la Kiswahili. Darasa lenyewe lilikuwa sebule ya Mwalimu Joachim huko Silicon Oasis, Dubai. Kila Jumamosi makochi yalisukumwa ukutani, mkeka ukatandikwa, na watoto wa Kitanzania na wa Kikenya wakaja kuinyoosha lugha ambayo wiki nzima shuleni hawakuigusa. Walisoma kwa zamu, wakapeana habari, kisha wakamalizia kwa chai ya maziwa na mandazi. Siku hiyo mandazi yalipoa yakiwatazama.

“Gdańsk ndiyo nini? Dawa ya mbu?” aliuliza Nick, mvulana wa Kikenya asiyeamini kitu mpaka akigonge kwa kidole.

“Ni mji wa Poland, kando ya bahari. Likizo nzima nilikuwa huko. Ulidhani nimejificha wapi?”

Watoto wakatazamana. Kweli, tangu shule zifungwe mwishoni mwa Juni hakuna aliyemwona Ghania mitaa ya Al Rigga. Tena mkononi alivaa bangili ya kaharabu, ya rangi ya asali, na kwa wiki nzima alikuwa akijikuna pua kwa mkono huo hata kama pua haiwashi.

Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Likizo yote Ghania alikaa Dubai Investments Park kwa mama yake mdogo, katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi, dirisha likitazama ghala la matairi. Nje jua lilichoma mpaka paka wakahamia chini ya malori. Ndani kiyoyozi kilinguruma kama mtu mwenye kisirani. Bangili mama yake alipewa zawadi na mgeni wa hoteli anakofanya kazi ya kufua. Na Gdańsk? Gdańsk aliipata asubuhi hiyohiyo ndani ya basi, mdomoni mwa Doris.

Doris alikuwa jirani yake na rafiki yake. Baba yake, Chacha, ni fundi wa mitambo ya meli. Kiangazi kile meli yao ilifunga gati Gdańsk kwa matengenezo, na kila alipopumzika alimtumia binti yake ujumbe wa sauti kwa simu. Doris alizihifadhi sauti zile zote. Mwalimu alipotangaza kwamba Ijumaa itakuwa Siku ya Miji, na mtoto mmoja atasimulia mji mbele ya wazazi, Doris ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

“Mimi, Mwalimu! Gdańsk! Meli ya baba inaingia bandari ya Jebel Ali Alhamisi, na Jumapili wanaondoka tena. Atakuja kunisikia.”

Ghania alipoona macho yote yamehamia kwa Doris, ulimi wake ukaruka kabla yeye mwenyewe hajauruhusu. Ndipo ikatoka ile ya kuila na kuilala.

Mwalimu Joachim alikuna kidevu. “Doris, wewe umesimuliwa. Mwenzako kaona kwa macho. Tumwachie aliyeona.”

Doris alilirudisha andazi lake sahanini.

Walipokuwa wakirudi, aliketi dirishani, mgongo kwa Ghania. Kisha akageuka.

“Zile kengele za mnarani nilizokusimulia asubuhi ni za baba yangu. Na ile supu ya rangi ya waridi.”

“Kwani mji huonwa na macho ya baba yako tu?”

“Ulikwenda kweli?”

“Ningekwambia uongo mimi?”

Doris alimtazama. “Baba hajawahi kunisikia nikizungumza mbele za watu, Ghania. Kila shughuli ya shule yeye yuko baharini. Nipe hiyo Ijumaa. Nyingine zote chukua.”

Ghania angeweza kusema kweli palepale na mambo yakaishia ndani ya basi. Lakini Nick alikuwa kiti cha nyuma, masikio wazi kama madirisha.

“Khalas,” akasema. “Mwalimu kashaamua.”

Tangu siku hiyo Ghania hakutulia. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, anatafuta pa kukaa. Jumatatu alitia chumvi kwenye chai ya mama yake. Jumanne alivaa soksi mbili za rangi mbili na kuambiwa na mlinzi wa jengo. Akipanda lifti alibonyeza kitufe mara nne, kana kwamba lifti ikifika haraka na Ijumaa itapita haraka. Mama yake, Bi Rukiya, akamgusa paji la uso.

“Una homa, mwanangu?”

“Sina, mama. Nina hotuba.”

“Kuhusu nini?”

“Mji tu.”

Bi Rukiya angekuwa zamuni Ijumaa mchana, hivyo hakuuliza zaidi. Ghania alishukuru, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Ijumaa sebule ya Mwalimu ilijaa mpaka kwenye korido. Akina mama walileta sambusa na pilau. Chacha alifika na viatu vyake vizito vya kazini, akavivua, akaketi mkekani safu ya mbele, magoti yakimfika masikioni. Doris alijibana ubavuni pake. Aliposikia kwamba yuko mtoto mwingine aliyefika Gdańsk, Chacha alipiga paja kwa furaha.

“Mwenzangu huyo! Huku sijapata mtu wa kuzungumza naye habari za kule!”

Ghania akahisi mkeka unateleza chini yake. Hata hivyo alianza, na lazima isemwe, alianza vizuri. Alisimulia nyumba nyembamba ndefu zilizobanana kama vitabu kwenye rafu, kila moja na rangi yake. Alisimulia winchi kubwa ya mbao kando ya mto, ambayo zamani watu waliingia ndani ya magurudumu yake na kutembea ili kuinua mizigo. Watu wakapiga makofi. Makofi ni kitu kibaya kwa mtu mwongo. Yalimpa njaa ya mengine. Akaacha ya Doris, akaanza kujipikia ya kwake.

“Tulifika Ramadhani haijaisha,” akasema, akigeukia upande wa akina mama wa Kiislamu. “Jamani, futari ya Gdańsk! Saa moja na robo jua hilo likazama baharini, tukatandika kitambaa mchangani, tukafuturu kwa tende na sambusa za kule, za kuchemsha.”

“Mashallah,” akasema mama mmoja.

Chacha alinyoosha mkono polepole, kama mwanafunzi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechanganyikiwa tu.

“Samahani, binti yangu. Saa moja na robo ya wapi?”

“Ya… ya hukohuko, baba.”

“Mbona sisi jua letu lilikataa? Mpishi wetu, Badawi wa Unguja, alifunga palepale melini. Saa moja jua liko juu, mtu anafua nguo. Saa mbili, lipo. Inapita saa tatu ya usiku ndipo linakwenda, nalo linakwenda kwa kuvuta miguu. Siku ya kwanza Badawi aliitikisa saa yake akidhani imekufa. Amekaa na tende mkononi mpaka tende imelowa jasho!”

Wazazi wakacheka. Ghania naye akacheka, kicheko chembamba.

“Siku hiyo kulikuwa na mawingu,” akasema. “Giza likaingia mapema.”

“Manze!” Nick akadakia. “Siku hizi watu wanafuturu na mawingu?”

Hakuna aliyecheka tena. Yule mama aliyesema mashallah aliuweka mkono mdomoni. Kila aliyefunga Dubai anajua anavyoisubiri adhana ya magharibi; hakuna anayefuturu kwa kuona wingu. Ghania alimtafuta Doris. Doris alikuwa anatazama mkeka, na mkono wa baba yake ulikuwa begani mwake, baba asijue bado amevunja nini.

“Sikwenda,” Ghania akasema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. “Sikwenda Gdańsk. Nilikuwa hapahapa Dubai, Investments Park, kwa mama mdogo. Haya yote ni ya Doris, ila futari. Futari ni yangu.”

Mwalimu Joachim aliinuka, akamwonyesha Ghania pa kukaa. Kisha akainama kwa Doris.

“Mimi pia nimekukosea. Sikuuliza. Utasimulia?”

Doris alichelewa kuinuka. Alipoinuka, sauti yake haikutetemeka. Alisema wanachosema watu waliosimuliwa: “Baba yangu aliniambia.” Baba aliniambia kwamba kule watu wakiona jua hawalikimbii kama sisi, wanalitandikia taulo na kulilalia. Baba aliniambia kengele za mnarani hupiga nyimbo nzima, na mabaharia huacha nyundo wakasikiliza. Baba aliniambia ipo supu baridi ya rangi ya waridi, na yeye alidhani ni maziwa ya stroberi, akaiombea sukari. Baba aliniambia Agosti mitaa hufungwa kwa magulio yenye umri wa karne na karne, na wazee huchagua vipande vya kaharabu kwa kuvinyanyua juani.

Chacha alisikiliza mdomo wazi. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia yamevaa nguo za sikukuu. Mwishoni alijifuta uso kwa kiganja, akasema kiyoyozi cha Mwalimu kinavuja.

Jioni Mwalimu alimsindikiza Ghania hadi Al Rigga. Bi Rukiya alikuwa ametoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Ghania aliingia mbio.

“Imekwendaje, mwanangu?”

Ulimi wa Ghania, ambao mchana kutwa ulikuwa mgonjwa, ukapona ghafla.

“Vizuri sana, mama! Ilikuwa zamu yangu, ila nikamwona Doris na baba yake, nikaingiwa na huruma. Nikasema, yalla Doris, simama wewe. Nimemwachia kwa hiari yangu, wallahi. Watu karibu walie.”

“Mashallah. Mwanangu mkarimu!” Bi Rukiya akainua macho kumtazama mtu aliyekuwa nyuma ya binti yake. “Karibu, Mwalimu. Umemsikia?”

Mwalimu Joachim alikuwa mlangoni, anavua kiatu cha pili. Akakishika mkononi.

“Nimemsikia, Bi Rukiya. Leo amekubali uongo wake mbele ya watu wote, na hilo halikuwa jepesi. Nilitaka kumsifu kwako kwa hilo.” Akamtazama Ghania, bila ukali. “Ukweli ulikuwa umekupa sifa yako halali, binti. Uongo umekunyang’anya hata hiyo, hapahapa mlangoni. Anayesema kweli hahitaji kukumbuka nani yuko nyuma yake.”

Bi Rukiya akatoa mguu mmoja kwenye beseni.

“Kaa hapo, Ghania,” akasema. “Anza upya. Mwalimu, wewe usiondoke.”