Ufunguo wa Maktaba Niliompokonya Zaituni

Nina miaka ishirini na mbili, naishi mtaa wa Simi-Simi na mama yangu. Hajui haya ninayowaandikia.

Nilipokuwa darasa la mwisho la sekondari, shule yetu ililetewa katoni sita za vitabu. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika kitabu kipya! Prefe, mkuu wetu wa shule, aliamua klabu ya wasomaji ndiyo ivibandike namba na kuviazimisha. Tukapiga kura kumchagua mwenyekiti atakayeshika ufunguo wa maktaba. Klabu niliianzisha mimi... lakini wenzangu walimchagua Zaituni.

Zaituni, binti wa fundi cherehani, alikuwa rafiki yangu tangu utoto. Tulikula sahani moja. Siku ile nilimkumbatia, nikampongeza, na moyoni nikamchukia. Je, inawezekana? Inawezekana sana.

Kila Jumatano alasiri aliwasomea wanafunzi wadogo kwa sauti. Hata watoro walikuja. Mimi nilikaa nyuma nikitafuta makosa yake.

Kulikuwa na kitabu kimoja tu cha kemia, na sote tulikihitaji kwa mtihani wa serikali. Jumatano moja, wadogo walipokwisha kuondoka, tukiwa wawili tu tukibandika namba, Zaituni alitoka kunawa gundi mikononi. Nilichana kurasa za katikati, nikazisukuma ndani ya mfuko wake wa shule... Hata kufunga kamba za viatu kunachukua muda zaidi!

Kesho yake kitabu kilionekana kimechanwa, mifuko ikapekuliwa, kurasa zikakutwa kwenye mfuko wa Zaituni. Prefe akatuita klabu nzima. Zaituni aliapa hajui lolote, kisha akaniangalia mimi. Nikasimama.

"Prefe, mi nilimuona," nikasema. "Na macho yangu."

Alifukuzwa palepale, wiki chache kabla ya mtihani. Papa yake, yule fundi cherehani, mtu wa msikiti anayeheshimika mtaani, alishindwa kuvumilia aibu. Akampeleka kwa shangazi yake kule Banalia. Ufunguo nikapewa mimi.

Nilidhani nimeshinda! Jumatano iliyofuata walikuja wanafunzi watatu. Iliyofuata, hakuna hata mmoja. Paa likavuja, mchwa wakaingia kwenye vitabu. Mtihani nilifaulu, lakini hakuna mwanaklabu aliyekuja kunipongeza.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia. Nilirudi shuleni kukiri. Prefe alikuwa amehamishwa, na mpya akaniambia hayo ni mambo ya zamani. Basi nikapanda pikipiki hadi Banalia.

Nilimkuta Zaituni akimenya mihogo, mtoto mgongoni. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilidhani atanipiga... heri angenipiga!

"Nilijua ni wewe," alisema taratibu. "Mule ndani tulikuwa sisi wawili tu. Siku ile, wakati ulisimama mbele ya prefe, mi nilifurahi. Nilifikiri unasimama juu ya kusema kweli."

Msamaha niliokuja kuuomba sikuuomba. Aliinuka, akabeba mihogo yake, akaingia ndani na kufunga mlango.

Ndugu zangu mlio shuleni, nawasihi: mwenzako akichaguliwa na roho ikakuuma, mwambie uso kwa uso kwamba umeumia. Utaona aibu, ndiyo... lakini aibu hiyo haimalizi hata wiki. Mimi niliikimbia, nikamfukuzisha shule mtu ambaye, hadi dakika ya mwisho, alikuwa bado ananiamini.