Kigingi Kilichoangushwa na Ndama

Kila asubuhi Zipora alipeleka ndama kunywa kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, katika mto wa msimu karibu na Mpwapwa. Ilikuwa enzi za Wajerumani. Akirudi, alivuta kamba yenye mafundo kutoka kwenye kigingi kilichochomekwa mbele ya nyumba ya bibi yake hadi ukingoni mwa mto, akahesabu mafundo, kisha akampelekea habari Mwalimu Nikodemo wa misheni.

Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa ameona mchanga ukijaa ng'ambo na kuyasukuma maji upande wa tembe la Bibi Loisi, bibi yake Zipora. Kila masika mto ulikula ukingo.

"Yakibaki mafundo matatu," alisema, "Bibi ahame."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Zipora alikuwa akicheza na rafiki yake Anyesi, ndama wakakiangusha kigingi na kulikanyaga shimo lake. Zipora akakichomeka kwa kukisia.

"Karani wa mto! Utamwambia Mwalimu?" Anyesi alimtania.

"Nyamaza! Ataniona mchungaji mbovu."

Kesho yake Mwalimu alimsalimu, "Mbukwa, Zipora. Mafundo mangapi?"

"Manne, Mwalimu. Kama jana."

"Mungu ashukuriwe. Bibi akae."

Mvua zikaongezeka, ukingo ukamegeka, naye Zipora, akiogopa kufichuka, akazidi kusema manne.

Mchana mmoja, jua likiwaka, mafuriko yaliteremka ghafla kutoka milimani. Bibi Loisi alikuwa ndani, akisaga uwele. Ukuta ulianguka, na paa la udongo likamfunika. Walipomfukua, alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya maziko Zipora alipiga magoti mbele ya Mwalimu. "Nilikudanganya. Kigingi kilianguka, nami sikujua mahali pake."

Mwalimu alilia kwanza. Kisha akamwinua.

"Mwanangu, kigingi kuanguka si dhambi. Ungeniambia, tungepima upya, na Bibi angehama. Nami nilipaswa kuja kutazama kwa macho yangu. Tumwombe Mungu atusamehe sote wawili."

Waliomba. Halafu Mwalimu akasema, "Futa machozi. Akina Elieza bado wanalala kando ya mto. Twende."

Walipima kutoka mlango wa Elieza hadi ukingoni. Zipora alihesabu kwa sauti, mara mbili, ili kila mtu asikie: "Mawili."

Familia ile ilihamia mlimani jioni hiyohiyo. Kabla ya masika kwisha, mto ulichukua tembe lao likiwa tupu.

"Umeona?" Mwalimu alimwambia Zipora kwa upole. "Ukweli uliochelewa haumrudishi aliyekufa. Lakini usiache kuusema, maana wapo walio hai."