Mtazamaji wa Chumba cha Chini

Bando la intaneti la nyumbani lilikwisha hata mwezi haujafika nusu, na Royce akajua wa kumlaumu kabla hajavua buti.

"Binti yako huyo," alimwambia mkewe, Darla. "Tamthilia asubuhi, tamthilia jioni. Likiisha tena, mabegi nje, aende Ohio kwa baba yake."

"Mimi? Kutwa niko shule!" Kendra alijibu kutoka ngazini. "Labda ni Biscuit."

Mzaha mbaya. Biscuit, mbwa wao, alikuwa amekufa tangu theluji ilipoyeyuka. Kule milimani Kentucky watu wakienda kazini humwachia mbwa televisheni, asione upweke, na Biscuit alikuwa na kochi lake mwenyewe katika chumba cha chini. Alipokufa, Darla aliendelea kuiwasha kwa majonzi, chumba kitupu kikisimuliwa hadithi kutwa, mpaka siku moja akajionea haya akaacha.

Darla alikuwa na mtoto mmoja tu, Kendra. Kumpoteza kwa sababu ya bando! Bando la mwezi uliofuata lilipoanza kuyeyuka vilevile, aliomba ruhusa kazini, akabaki nyumbani amkamate mwizi.

Adhuhuri, jua likiwa limejaa jikoni, alisikia watu wakicheka chini. Harufu ya mbwa aliyelowa ilipanda ngazi, na nyuma yake harufu ya nyama iliyooza. Akashuka.

Televisheni ilikuwa imewaka mbele ya kochi tupu. Kisha ikasimama na kuandika swali lake la kawaida, lile inaloliuliza mtu asipogusa rimoti kwa muda mrefu: Bado unatazama?

Rimoti ilikuwa juu ya mkono wa kochi. Kitufe kikabonyea chenyewe.

Darla akaziba mdomo. Sasa aliona jinsi kochi lilivyodidimia, shimo pana kuliko mbwa, pana kuliko Royce. Na ndipo bando likakata. Picha ikaganda, duara dogo likaanza kuzunguka, likazunguka, springi za kochi zikalia kwa kitu kilichokuwa kinainuka, na kabla Darla hajafika ngazini alishikwa nywele, akabamizwa ukutani uso kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, jino likamtoka, na sikioni pumzi ya moto ikahema kama ya mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni.

Royce aliporudi na kumwona mkewe alivyovimba, hakutaja bando. Alichukua nyundo akashuka, akaivunjavunja televisheni. Nyundo ikamponyoka, ikamgeukia, ikamsaga vidole vya mkono wa kushoto juu ya sakafu. Aliyemvuta kutoka kule, huku akilia kwa sauti, alikuwa Kendra.

Wakamwita Dada Verna wa kanisani, mwenye mafuta ya upako. Alipaka miimo yote ya milango, akakemea mpaka sauti ikamkauka.

"Mwanangu Darla," alisema akifuta jasho, "ulikuwa unakiwashia chumba kitupu kila siku. Ulidhani hakuna atakayekuja kukaa?"

"Ameondoka, Dada?"

"Sisikii kitu tena."

Kweli, siku chache zilikuwa kimya. Jumapili, baada ya ibada, waliketi kula paja la nguruwe na mkate wa mahindi, Royce akimtania Kendra kwamba sasa asome vitabu. Darla alikuwa wa kwanza kuliona. Kochi la Biscuit lilikuwa limepanda ngazi. Lilikuwa mlangoni mwa jikoni, limeielekea meza, limedidimia.

Wakanyamaza wote.

Kimya kile ndicho kilichowaponza, kwa maana springi zililia, Kendra akachomolewa kitini kwa mguu, akaburutwa sakafuni akikwaruza mbao kwa kucha mpaka zikang'oka, huku Royce akimng'ang'ania kwa mkono wake mzima bila kufua dafu, na Darla akalikumbuka lile duara likizunguka, akakumbuka hasira ile, akaelewa kwamba televisheni ilivunjwa na sasa televisheni ni wao.

Akamzaba Royce kofi lililosikika mpaka uani.

Mguu wa Kendra ukaachiwa. Kochi likatulia.

"Nitukane," Darla alinong'ona. Kisha akapaza: "Mume gani wewe! Mwoga! Unawaonea watoto!"

Royce alimtazama, macho yakajaa machozi, akaelewa. "Mwanamke mchafu wewe! Wewe na mwanao!" Akampiga sahani begani. Akapigwa sufuria kichwani, damu ikamtiririka. Nyuma yao Kendra alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Mama," alinong'ona.

"Nenda kwa baba yako!" Darla alipiga kelele bila kugeuka, kama sehemu ya ugomvi. "Toka! Usirudi kwangu!" Na moyo ulimpasuka, maana alimaanisha kila neno.

Mlango ukafungwa. Gari likawaka, likashuka mlima, mlio ukafifia. Darla alikuwa amekaukiwa sauti. Royce ameegemea jokofu, hawezi hata kuinua mkono. Walinyamaza kidogo tu, wavute pumzi.

Kochi likasogea karibu. Mezani, kisu cha kukatia nyama kikaanza kuteleza taratibu, kikapita sahani, kikapita mkate, kikajiweka mkononi mwa Darla.